Mimi Nilikuwa Waya

Siku Mwita alipokuja kwetu Homa Bay, mama yangu alikuwa akianika omena, wale dagaa wa ziwani, juu ya neti kuukuu, nami nimekaa kwenye kigoda namwangalia bila kumsaidia. Jeshi la maji la mkoloni lilikuwa limevunjwa miaka michache kabla, tukarudishwa makwetu na sare zetu kwenye mabegi, na mimi ile yangu bado niliivaa hata kwenda kununua chumvi. Watu wa ufukweni walinicheka wazi wazi. Walikuwa na haki ya kunicheka, maana nilikuwa kijana mpumbavu mwenye suruali nyeupe.

Mwita alikuwa ametoka Kegonga kwa lori la mahindi hadi Migori, na pale Migori akapata jingine. Tulitumika pamoja Mombasa, yeye kwenye mzinga, mimi kwenye rada. Sasa alikuwa na karatasi mkononi. Kampuni fulani ya meli ya ng'ambo ilikuwa ikiandika mabaharia waliowahi kufanya kazi hizo mbili, na yeye, badala ya kwenda peke yake, alisafiri siku nzima kuja kuniambia.

"Huyu ni nani?" mama aliniuliza kwa Kijaluo.

"Ni Kuria," nikamwambia.

"Nimekuuliza jina lake. Kabila lake nimeliona."

Mama akamgeukia mgeni mwenyewe, akamwuliza kwa Kiswahili chake cha sokoni. Mwita alisema jina lake, mama akalirudia mara mbili ili lisimtoke, na tangu hapo hakumwita vinginevyo. Alimpa samaki. Mwita alimla kwa wasiwasi, akipekua kila mwiba kwa vidole, na mimi nilicheka hadi mama akaniambia nifunge mdomo.

Sisi wa ziwani tuliwaona watu wa kule mpakani kuwa wachunga ng'ombe tu, watu wa kuogopa maji. Huyu mchunga ng'ombe alikuwa hodari kuliko mimi kwenye bahari, na kila mtu aliyetumika nasi alijua, lakini nilimwita Kuria siku zote, kama vile kabila zima lilikuwa limekuja kazini. Yeye aliniita Oluoch. Kwa ulimi wake ilikuwa Oruoch, kwa sababu herufi ya l ilimshinda, na kila l aliigeuza r. Nami sh ilinishinda, kama inavyowashinda Wajaluo wengi wa umri wangu. Siku hiyo nilipomwelekeza msalani, nilimwambia ashike njia ya kulia.

"Njia ya Kuria ni ire niriyokuja nayo," akasema. "Ya choo ni gani?"

"Basi usishike ya kushoto."

"Ya kusoto nimesikia," akasema, akaenda zake akicheka.

Nimeeleza mzaha huu mapema kwa sababu ndio uliomuua. Naandika haya nikiwa mzee, na naandika kwa sababu ya barua moja iliyofika Kegonga baadaye, ikiwaambia wazazi wa Mwita kwamba mtoto wao alikufa vitani kwa kukosa kutii amri. Barua hiyo ilikuwa na muhuri na saini. Haikuwa na ukweli, na mimi ndiye niliyewapa watu wa kampuni maneno ya kuiandikia.

Meli yenyewe ilikuwa ya mizigo, kuukuu, iliyopakwa rangi mpya ili isijulikane umri wake, na ilipewa jina la mwanamke wa Kizungu. Miaka ya sitini ilikuwa inakaribia kwisha. Tulibeba unga, mafuta, na masanduku ambayo hatukuambiwa yana nini, tukayapeleka kwenye bandari moja ya mbali ambayo wenyeji wake walikuwa wakipigana na jirani zao. Sitaitaja nchi. Wale watu wameshapatana, wanauziana machungwa, na hakuna hata mmoja wao anayejua kwamba tulipita pale.

Hao jirani zao walikuwa na mashua ndogo za mbio zilizobeba makombora. Kombora la namna hiyo si risasi. Lina injini na mabawa, linaruka chini chini juu ya maji, na ndani yake mna kitu kinachoitafuta meli na kuifuata hata ikikata kona. Ukishaliona kwa macho, umechelewa. Inabidi rada ilione kwanza, mzinga ugeuzwe upande huo, na risasi zimwagwe mbele yake lijigonge humo. Kwa hiyo ulinzi wote ni suala la muda. Ni muda gani unapotea kati ya yule anayeona na yule anayepiga.

Hapo ndipo alipoingia Injinia. Jina lake nalikumbuka vizuri, lakini simpi heshima ya kuliandika. Alikuja na masanduku, kaptula iliyopigwa pasi, na kalamu nne mfukoni, na alipotukusanya kwenye deki alichora kwa chaki jicho, akachora mkono, halafu mstari baina yake.

"Rada ni jicho," alisema, na karani wa meli, mtu wa pwani, akatutafsiria ingawa wengi tulikuwa tumeelewa. "Mzinga ni mkono. Meli nyingi zina jicho na zina mkono, na bado zinazama, kwa kuwa jicho haliongei na mkono. Mtambo wangu unaviunganisha. Rada ikiona, mzinga unageuka wenyewe. Binadamu hahitajiki katikati."

Mwita aliinua mkono, akauliza kama mzinga ukigeuka wenyewe yeye atakuwa anafanya nini. Injinia alicheka. Akasema atakuwa anapumzika.

Mtambo ulifungwa kwenye chumba changu cha rada. Ulikuwa kabati la chuma lenye taa za kijani, uliunguruma vizuri, na kapteni alipenda kuwaleta wageni wauone. Kisha wakaanza kuvuta waya kutoka kwenye kabati kwenda kwenye mzinga, ambao ulikuwa nyuma kabisa, kwenye tezi. Waya ulipungua. Haukupungua kidogo. Ulifika mlango wa jikoni ukakomea hapo, na mwisho wake ukiwa umefungwa kitambaa. Mpishi alianika matambara yake juu yake muda wote wa safari.

Mtu aliyepima meli ile aliipima kwenye mchoro, ofisini kwake, na mchoro ulikuwa wa meli nyingine. Injinia alisema waya wa ziada utatungoja bandarini. Bandarini haukuwepo. Akasema utakuwa bandari inayofuata. Yeye mwenyewe alishuka hapo, akatupungia mkono, akasema kwa sasa tutumie njia ya muda.

Njia ya muda ilikuwa mimi.

Nilivalishwa simu ya masikioni yenye kipaza sauti mdomoni, Mwita akavalishwa nyingine kule nyuma. Mimi nione kwenye kioo cha rada, nimwambie upande na digrii, yeye ageuze mzinga kwa gurudumu. Kanuni ilibandikwa ukutani: neno la upande wa kulia ni "grini", la upande wa kushoto ni "redi", kisha tarakimu, na neno lingine lolote lisitumike. Kabati liliendelea kuunguruma pembeni yangu na taa zake za kijani. Halikuwa limeunganishwa na kitu chochote isipokuwa umeme. Waya wa kuunganisha jicho na mkono nilikuwa mimi, Oluoch wa Homa Bay.

Tulifanya mazoezi kila siku, na sitajidharau pasipo sababu: tulikuwa wazuri. Nikisema "grini sitini", kabla sijamaliza n ya sitini nasikia gurudumu linalia. Mwita alikuwa na mikono ya mtu aliyekamata madume tangu utotoni. Watu wawili waliompakilia risasi, mmoja Mtaita na mmoja wa Malindi, walimwogopa kidogo kwa ukimya wake. Kapteni alikuja siku moja na saa mkononi, akatupima, akaenda kuandika kwenye kitabu chake kwamba mtambo unafanya kazi barabara.

Lakini kabla ya mazoezi, kila asubuhi, ilibidi tupime kama simu zinasikika. Kwa hilo hatukupewa kanuni. Tulijitungia wenyewe. Mimi nilikuwa nasema: "Kuria, Kuria." Yeye anajibu: "Niko. Sema." Basi, simu ni nzima. Asubuhi baada ya asubuhi, wiki baada ya wiki, nilimfundisha mtu yule kwamba sauti yangu ikisema neno hilo masikioni mwake, kazi yake ni kutulia na kungoja nitakalosema. Hakuna aliyenilazimisha. Ningeweza kusema "Mwita". Lina silabi chache pia.

Mara moja tu alilizungumzia. Tulikuwa tunakula, nikamwita vile vile anipitishie chumvi.

"Mama yako ananiita Mwita," akasema.

"Mama yangu hajui kuzungumza kwenye simu za meli," nikamjibu.

Akanipa chumvi. Sikuona kitu usoni pake, na sikutafuta.

Asubuhi yenyewe bahari ilikuwa imetulia kama sufuria ya maziwa. Tulikuwa tumebakiza saa chache kufika bandarini, jua liko juu, saa nne hivi. Nilikuwa nimeshampima kwenye simu. Mpishi alikuwa akipika maharagwe na harufu ilikuwa imejaa hadi chumbani kwangu.

Mlinzi wa juu akapiga kelele kwamba ameona mashua upande wa kushoto. Kapteni akaamuru mzinga ugeuzwe kushoto. Nilimwambia Mwita redi tisini, akageuka. Ile mashua nami niliiona kwenye kioo, imesimama mbali, haiji wala haiendi. Nadhani ilikuwa imewekwa pale tuitazame.

Tuliitazama sote. Hata mimi, ambaye kioo changu kilionyesha pande zote, nilikaa nakodolea upande huo mmoja. Nilisahau kwamba nimelipwa kutazama pande zote.

Nilipozungusha macho, kulikuwa na alama upande wa kulia.

Ilikuwa ndogo. Mstari wa kioo ulipozunguka tena, ilikuwa imesogea. Ulipozunguka mara ya tatu, imesogea zaidi, na imenyooka kuja kwetu.

Nilijua ni nini. Nilikuwa na maneno mawili tu ya kuchagua, yamebandikwa mbele yangu kwa herufi kubwa, na Kiingereza chote kikanikimbia.

"Kulia," nilisema. "Kulia, kulia."

"Niko," Mwita akajibu. "Sema."

"Kulia!"

"Niko, Oruoch. Sema basi."

Hakuwa na hofu. Sauti yake ilikuwa ile ile ya kila asubuhi.

Hapo ndipo nilipoelewa alichokuwa akisikia. Nilielewa vizuri sana. Nikafungua mdomo niseme grini.

Sikulisikia kombora lenyewe. Nilisikia simu ikikatika, kisha nikajikuta sakafuni na kabati la Injinia limenilalia miguuni, taa zake za kijani bado zinawaka.

Kombora lilipiga tezi. Lilichukua mzinga, na Mwita, na Mtaita, na yule wa Malindi. Jiko lilibaki, waya ukining'inia mlangoni. Meli haikuzama, kwa sababu mawimbi hayakuwepo na kwa sababu waliokuwa kwenye mashua walikwenda zao, labda walidhani tumekwisha. Tulikokotwa hadi bandarini. Nilipanda nyuma kabla hatujafika, ingawa nilikatazwa. Hapakuwa na cha kuzika. Wale wanaosimulia vita na kusema waliwafumba macho rafiki zao wamebahatika.

Siku mbili baadaye tuliitwa kwenye chumba kimoja cha hoteli. Walikuwepo watu wawili wa kampuni, kapteni, Injinia aliyeletwa kwa ndege kaptula yake ikiwa imepigwa pasi vile vile, na karani wa kutafsiri. Waliweka maji ya barafu mezani. Sikuwahi kuona watu wakiwa na haraka ya kumaliza jambo namna ile.

Injinia alianza. Alisema mtambo haulaumiwi kwa kuwa haukuwa umeunganishwa. Wakatikisa kichwa kukubali. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyeacha kuuunganisha, wala ni nani aliyesema binadamu hahitajiki kisha akampachika binadamu mahali pa waya na kushuka bandarini kwenda zake. Nikamtazama usoni. Hakuwa hata anaona haya. Alikuwa anachora visanduku kwenye karatasi.

Kisha ikawa zamu yangu.

"Ulimwambia mpiga mzinga kombora linatoka upande gani?"

"Ndiyo."

"Ulisemaje?"

"Nilisema kulia."

Karani akatafsiri kwa neno la kibaharia la upande wa kulia: stabodi. Ndiyo maana yake, hakukosea. Wakaandika.

"Alikusikia?"

"Ndiyo."

"Umejuaje?"

"Alijibu."

"Aligeuza mzinga?"

"Hapana."

Wakashukuru. Ikawa imekwisha. Yote niliyosema yalikuwa kweli, neno kwa neno, na yakikusanywa pamoja yalikuwa uongo unaomtosha mtu kaburi. Ningeweza kusimama niwaambie: bwana, kulia kwa sikio la mtu huyu ni jina lake, jina nililompa mimi kwa kumdharau, na kila asubuhi nililitumia kumwambia angoje. Ningeweza kuwaambia nilivunja kanuni. Nilifikiria wataelewa nini. Niliona wanavyocheka wakiambiwa kwamba meli yao imetobolewa na r na l za watu wa Migori. Nikaona aibu, nikanyamaza. Aibu ya kuchekwa na wale watu, watu niliowaona takataka, ndiyo niliyoiweka mbele ya jina la Mwita. Mpaka leo nikiwaza namna ya kuwadharau, huwa sina budi kujiweka nami kwenye foleni, na si mwisho.

Nilirudi Homa Bay. Mama aliuliza habari za Mwita kabla hajauliza habari za mguu wangu. Nikamwambia amekufa. Akakaa chini, akaniuliza kama nimefika kwao. Nikasema bado. Akaniuliza tena baada ya mwezi, na baada ya mavuno, kisha akaacha kuuliza, akawa ananiwekea chakula na kuondoka.

Watu wa ufukweni walitaka hadithi. Walitaka kujua meli ilikuwa na urefu gani, kombora lilikuwa na rangi gani. Nilikuwa nawaambia. Nilipata hata pombe kwa kusimulia, na Mwita katika hadithi hizo alikuwa "mwenzangu mmoja hivi". Nilikuwa mtu wa namna hiyo.

Kilichonipeleka Kegonga ni mwanamke muuza tumbaku sokoni Migori. Nilikuwa nimepeleka samaki, akasikia mtu akinitania kuhusu ubaharia, akaniuliza kama nilimjua Mwita wa kwao, yule aliyeganda.

"Aliyeganda vipi?"

"Si barua iriretwa? Mwarimu akaisoma mbere ya watu. Ati ariambiwa piga, akakaa tu. Mdogo wake karibu aue mtu kirabuni kwa sababu ya maneno hayo."

Usichukulie neno hilo la kuganda kirahisi. Kwa Wakuria kijana husimama mbele ya kisu cha tohara akiwa anatazamwa na ukoo mzima, na akipepesa jicho tu, hilo litasemwa hata watoto wake wakizaliwa. Mwita hakupepesa. Sasa ukoo wake ulikuwa umeletewa karatasi yenye muhuri kwamba mwishoni, pale ilipohitajika, aliganda. Niliwaacha samaki kwa mtu mwingine, nikauliza lori la Kegonga linapandiwa wapi.

Njiani nilipanga la kusema. Nilipanga kuwaambia alikuwa shujaa, alipiga hadi risasi ya mwisho, barua ilikosewa na makarani. Niliupamba vizuri uongo huo. Kufikia Kegonga nilikuwa nusu nauamini.

Baba yake alikuwa kwenye zizi, anamkagua ndama kwato. Alikuwa mzee mfupi, mkavu, mwenye macho ya kuchoka. Nilimwamkia, nikajitaja. Akamwachia ndama.

"Oruoch," akasema. "Wewe ndiye wa Homa Bay. Aritwambia mama yako arimpa samaki."

Tuliketi nje ya nyumba. Mama Mwita alikuja akasimama nyuma yangu, sikuthubutu kugeuka. Mdogo mtu, kijana mwenye kovu jipya juu ya jicho, alikaa mbali kidogo akinipa mgongo. Mzee aliingia ndani akatoka na barua, imekunjwa ndani ya mfuko wa sukari, akaiweka chini kati yetu.

Nikaanza uongo wangu. Nilifika kwenye maneno "alikuwa shujaa", mzee akainua mkono.

"Mtoto wangu namjua," akasema. "Sikuurizi arikuwaje. Barua inasema ariambiwa na hakutii. Nakuuriza, hiyo amri irisemwa namna gani?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza swali hilo hivyo. Wale wa hoteli, na saa zao na maji yao ya barafu, waliuliza nilisemaje ili karani atafsiri. Huyu, ambaye hajawahi kuiona bahari, alitaka kulisikia lenyewe.

"Nilisema kulia," nikasema.

"Sema tena. Kama urivyomwambia siku hiyo."

"Kulia. Kulia, kulia."

Nyuma yangu mama yake alivuta pumzi. Yule kijana akageuka kunitazama. Mzee hakusogea. Alirudia neno hilo polepole, kwa ulimi wake, na lilipotoka kinywani mwake lilikuwa vile vile Mwita alivyolisikia.

"Na yeye arijibu nini?"

"Alisema, niko. Sema."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili. Mara ya pili alinitaja jina."

Basi nikaeleza yote. Nilieleza kanuni ya ukutani niliyoivunja, nikaeleza simu za asubuhi, nikaeleza waya ulioishia jikoni. Nilieleza pia kwamba sijui kama mzinga ungeliweza kulizuia kombora hata kama angegeuka. Huenda asingeweza. Huenda wangekufa wote wanne, na meli, na mimi. Lakini angegeuka, angeliona, angekuwa ameshika kazi yake mikononi. Yeye alikufa akiwa anangoja nimalize kuongea. Nililia nilipofika hapo, na hakuna aliyenibembeleza, wala sikustahili.

Mzee alimwita mdogo mtu aje karibu. Akamwambia jambo kwa Kikuria, taratibu, mara mbili. Kisha akanigeukia.

"Nimemwambia kaka yake ariitwa, akaitika. Wakimtukana tena kirabuni, ajibu hivyo, na akae chini, asipigane."

Aliichukua barua, akaitazama kama mtu anayetazama kitu cha jirani kilichosahauliwa kwake, akairudisha kwenye mfuko wa sukari. Nilidhani tumemaliza. Nilianza kutafuta namna ya kuinuka.

"Oruoch," akasema. "Mrikaa pamoja miaka. Jina rake hukurijua?"

"Nililijua," nikasema.